Ile dawa waliyopewa panya wa maabara si ya kupandisha kinga ya watoto

Bwana Mhariri, asalaam aleikum. Ile habari yenu ya juzi, ati panya wa maabara wametiliwa doksisaiklini, dawa ya bakteria, kwenye maji na jeni za kinga zikawaka, huku Lamu imeeleweka vibaya sana. Jana baada ya alasiri nimekaa barazani Langoni, akapita bi mkubwa jirani yangu na kibahasha cha kemisti mkononi, kapsuli kumi, nikamuuliza bibi nani mgonjwa, akanambia hakuna mgonjwa mwanangu, hizi za mjukuu wangu, ana miaka mine, gazeti lasema zapandisha kinga.

Mimi kazi yangu ni maabara, naomba niseme mlichokiruka. Wale si panya hawa wa darini. Wametiwa jeni na watu, pamoja na swichi iliyotokana na bakteria, na ni hiyo swichi ndo inaisikia dawa. Ilianzia Heidelberg, Ujerumani, 1992, na mwanzo dawa ilikuwa inazima jeni, kufika 1995 wakapata ya kinyume chake, dawa ikiingia jeni inawaka, ikikatwa inazima. Kwenye maji wanaongeza sukari kwa sababu dawa ni chungu panya hawanywi, na chupa inafunikwa maana mwanga unaiharibu. Yote hayo ni ili wachague jeni moja, waiwashe siku wanayotaka wao, waone kazi yake. Mjukuu wa bibi hana hiyo swichi, mimi sina, na wewe Mhariri huna.

Mwili una njia yake wenyewe. Kuna protini inaitwa NF-kappa B, imekaa kwenye seli imeshikwa na protini nyingine kama punda aliyefungwa kamba, sasa seli ikigusa kipande cha ganda la bakteria ile kamba inakatwa, dakika chache tu punda kashaingia kwenye kiini anawasha jeni za kinga. Na katika hizo jeni anazowasha mwenyewe imo ya kutengeneza kamba mpya ya kumfunga tena! Kila nikiisoma hii nasema subhanallah. Maana kinga ikiwaka bila kuzimwa inaua, panya ukimdunga lile ganda peke yake kwa wingi anakufa na hakuna bakteria hai hata mmoja, kwa hivyo hili neno kupandisha kinga mlitumie kwa uangalifu jamani.

Doksisaiklini ni dawa ya kuzuia bakteria wasizaliane, na dawa za jamii yake zaweza kutia meno ya mtoto madoa yasiyotoka. Bibi nimekaa naye tukaongea, kapsuli kanipa mimi, mtoto hakumeza. Lakini gazeti limesomwa na wengi, na hao wengine siwajui walipo.

Naomba mchapishe marekebisho, ukurasa ule ule, herufi kubwa, si kule chini kwenye kona, na iwe kabla ya Ijumaa kwa sababu Ijumaa ndo gazeti moja linapita mikono kumi hapa barazani.

Msomaji wenu,
Langoni, Lamu