Barua ya wazi kwa Waziri wa TAMISEMI: Hatukuchagua tarishi

Mheshimiwa Waziri wa Nchi,
Ofisi ya Rais – Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa,
Dodoma.

YAH: KARAVATI LA NJIA YA SHULE, NA MENGINE YALIYOPANDISHWA JUU

Husika na somo tajwa hapo juu. Uniwie radhi kwa kuanza kikarani. Nilikuwa mtendaji kwa miaka 20, kwanza wa kijiji kisha wa kata, na mkono umeshazoea.

Kata yetu ni ya mji mdogo, nusu maduka nusu mashamba. Masika iliyopita maji yalichimba chini ya karavati la njia iendayo shule ya msingi, likainama upande mmoja kama mzee aliyesinzia kwenye kiti, kisha likaondoka. Wazazi wakatandika mbao mbili. Diwani alikuja, akatazama, akasema taarifa ameshaipeleka. Akaja tena, akasema anafuatilia. Mara ya tatu mama mmoja anayeuza vitumbua pale kona akamwambia, "Mwanangu, sisi hatukuchagua tarishi."

Diwani alicheka, kile kicheko cha mtu aliyekosa pa kuficha uso. Nami nilimwonea huruma, kwa sababu najua hakudanganya. Kupeleka taarifa ndiyo kazi iliyobaki mikononi mwake.

Enzi zangu karavati likibomoka niliandika dokezo la nusu ukurasa, tukapanda daladala mimi na diwani hadi halmashauri, tukakaa kwenye benchi nje ya ofisi ya mhandisi mpaka atoke kwenda kula. Hakuwa na pengine pa kupitia. Kama greda halina dizeli, alisema halina dizeli. Kama fedha zimekwisha, kikao cha robo mwaka kilimsimamisha aeleze zimekwenda wapi, na waliomsimamisha walikuwa na wapiga kura wanaowasubiri nyumbani.

Sisemi ilikuwa pepo. Dizeli ilinyonywa usiku, zabuni zilijua nyumba za kwenda kulala, na zipo barabara zilizochongwa kwenye vitabu tu. Ndiyo maana TARURA, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, ilipozinduliwa Julai 2017 na kuchukua barabara za vijijini na mijini kutoka halmashauri, nilikuwa miongoni mwa waliosema heri. Wahandisi wamekusanywa chini ya wakala mmoja, na kazi inayofanyika sasa mara nyingi ni bora kuliko ya kwetu. Hilo nalikubali bila kulazimishwa.

Lakini siku hizi meneja wa TARURA wa wilaya anakuja kwenye Baraza la Madiwani, anasoma taarifa yake, anajibu maswali kwa adabu, anaondoka. Bosi wake haketi kwenye ukumbi ule. Madiwani wanaweza kumuuliza na kumshauri, kumwagiza, hapana. Tumeambiwa karavati letu limeingizwa kwenye makadirio. Ya mwaka upi wa fedha, hatujaambiwa.

Maji nayo yakafuata njia hiyohiyo. Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira Na. 5 ya 2019 ilizaa RUWASA, wakala wa maji vijijini, na wahandisi wa maji wa halmashauri wakahamia upande wa Wizara ya Maji. Bomba likikauka, wananchi bado wanakwenda kugonga mlango wa mwenyekiti wa kitongoji.

Halafu kuna kodi ya majengo. Ilikuwa ya halmashauri, mwaka 2016 ikapelekwa TRA, Mamlaka ya Mapato, na tangu Agosti 2021 inakatwa kwenye LUKU, mtu anaponunua umeme: shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na tangu Julai 2023 ni 1,500. Kukusanya kumekuwa rahisi, sibishi. Sisi tulizunguka na vitabu vya stakabadhi tukikimbizwa na mbwa. Lakini sasa kodi hiyo inaonekana kwenye meseji ya umeme, jirani na VAT na tozo ya umeme vijijini (REA), kama vile ni sehemu ya bei ya yuniti. Anayeilipa mara nyingi ni mpangaji, na mwenye nyumba wala hana habari. Sisi wa huku hatujui kitongoji chetu kimetoa shilingi ngapi. Mtu asiyejua alichotoa ataanzaje kudai karavati?

Mheshimiwa, haya tuliwahi kuyaonja. Mwaka 1972 marehemu baba yangu alikuwa karani wa halmashauri. Yakaja Madaraka Mikoani, jina zuri kabisa, na mabaraza ya kuchaguliwa yakavunjwa. Walioshushwa mikoani wakawa ni maofisa wa serikali kuu. Sheria za kurudisha serikali za mitaa zilipitishwa 1982, zikaanza kazi 1984. Mwaka huohuo Mwalimu Nyerere alikiri kwamba kuvunja serikali za mitaa, pamoja na vyama vya ushirika, ni mambo ambayo asingeyarudia kama angeanza upya. Na Katiba yetu, Ibara ya 146, inasema madhumuni ya kuwapo serikali za mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi.

Siombi TARURA ivunjwe. Naomba matengenezo madogo, ya aina ya karavati moja au kifusi cha lori chache, yawe na fungu linaloamuliwa na Baraza la Madiwani, mhandisi wa TARURA akisimamia ubora. Naomba mpango wa mwaka wa meneja huyo upite kwenye baraza kwa idhini, maana kusomewa tumeshasomewa vya kutosha. Na kila robo mwaka ibandikwe kwenye ubao wa ofisi ya kata karatasi moja inayoonyesha kodi ya majengo iliyotoka hapa na iliyorudi.

Mbao zile mbili bado zipo. Moja imeanza kuoza upande wa shule.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mtendaji wa kata mstaafu

Nakala: Diwani wetu, kwa taarifa tu.