Malengo ya afya ya mama na mtoto yaandikwe kwa namna inayoweza kudaiwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na madiwani, wataalamu wa afya na wajumbe wenzangu wa kamati za usimamizi wa zahanati mkoani Dodoma, hasa kipindi hiki ambapo halmashauri zinaandaa mipango na bajeti za mwaka wa fedha unaoanza Julai. Malengo mengi ya afya ya mama na mtoto yanayoingia katika mipango hiyo yameandikwa kwa namna ambayo mwaka ukiisha hakuna anayeweza kusema kama yametimia au hayakutimia.

"Kuboresha huduma za mama na mtoto," ndivyo lengo linavyosomeka, na chini yake huorodheshwa semina, vikao vya uhamasishaji na ziara za usimamizi. Wakati wa taarifa ukifika, tunasomewa idadi ya waliohudhuria semina na idadi ya ziara zilizofanyika, kisha kikao kinaendelea na ajenda inayofuata. Hakuna aliyedanganya, lakini pia hakuna aliyetuambia kama mwanamke wa Bahi au Chemba anajifungua kwa usalama zaidi kuliko mwaka uliotangulia.

Lengo linalopimika humtaja mlengwa, mahali, kiwango cha kuanzia, kiwango kinachokusudiwa na tarehe ya mwisho. Tuseme rejesta ya zahanati inaonyesha kwamba kati ya kila wajawazito 100 walioandikishwa, 30 tu ndio walioanza kliniki kabla mimba haijatimiza wiki 12. Zahanati hiyo ikijiwekea lengo la kufikisha 50 ifikapo Juni mwaka unaofuata, muuguzi, mhudumu wa afya ngazi ya jamii na mwenyekiti wa kijiji wote wanajua wanachotafuta, na mtu yeyote anayeweza kusoma rejesta anaweza kuwauliza walipofikia.

Kuchagua kipimo nako kunahitaji uangalifu. Wengi hukimbilia vifo vitokanavyo na uzazi, kwa sababu ndivyo vinavyotuumiza zaidi. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulikadiria vifo 104 kwa kila vizazi hai 100,000, kutoka 556 katika utafiti wa 2015/16, wakati makadirio ya mashirika ya Umoja wa Mataifa kwa mwaka 2020, yanayotumia njia nyingine ya kukokotoa, yalikuwa 238. Lengo la dunia ni kushuka chini ya 70 ifikapo 2030. Takwimu hizi zina maana kwa taifa, lakini kata yenye vizazi 600 kwa mwaka, hata tukitumia kiwango hicho cha 104, ingetarajiwa kuwa na kifo pungufu ya kimoja. Mwaka mmoja usipotokea kifo na mwaka mwingine kikatokea kimoja, tofauti hiyo haitoshi kutuambia kama mradi umefaulu au umeshindwa. Kila kifo cha mama lazima kijadiliwe kwa undani na chanzo chake kitafutwe, hilo halina mjadala. Ninachosema ni kwamba mafanikio ya zahanati moja yapimwe kwa jambo linalotokea mara nyingi kiasi cha kuonyesha mabadiliko, na ambalo liko ndani ya uwezo wa zahanati hiyo.

Hapo ndipo ninapoomba tutulie kidogo, kwa sababu kipimo tunachokipenda kuliko vyote, yaani asilimia ya wanawake wanaojifungulia katika vituo vya huduma, kinatufariji kupita kiasi. Kwa tafiti zile mbili za kitaifa, ya 2015/16 na ya 2022, kilipanda kutoka asilimia 63 hadi 81, na hayo ni mafanikio ya kweli. Vifo vya watoto chini ya miaka mitano navyo vilishuka kutoka 67 hadi 43 kwa kila vizazi hai 1,000. Lakini vifo vya watoto wachanga, wale wasiotimiza mwezi mmoja, vilitoka 25 na kufika 24 tu, ilhali lengo la dunia ni 12 ifikapo 2030. Mama wengi zaidi wamefika kituoni, na bado mtoto wa siku ya kwanza na wiki ya kwanza anakufa karibu kama alivyokuwa akifa zamani. Kwa hakika sababu si moja, ila kipimo kinachoishia kuhesabu mama aliyeingia mlangoni hakiwezi kutuonyesha alichofanyiwa baada ya kuingia.

Kwa hiyo vipimo viingie hadi chumba cha kujifungulia. Ni wanawake wangapi, kati ya waliojifungua, walichomwa sindano ya oksitosini mara tu baada ya mtoto kuzaliwa ili kuzuia kutoka damu nyingi? Ni watoto wangapi walioshindwa kupumua walisaidiwa ndani ya dakika ya kwanza? Patografu ngapi, yaani chati za kufuatilia mwenendo wa uchungu, zilijazwa uchungu ukiendelea, wala si baada ya mtoto kuzaliwa? Dawa ya kifafa cha mimba iliadimika kwa siku ngapi katika kila robo ya mwaka? Vivyo hivyo kwa kliniki: kuhesabu mahudhurio manne, au hata manane yaliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2016, hakutoshi ikiwa hatujui kama mama alipimwa shinikizo la damu, mkojo na wingi wa damu alipohudhuria.

Asilimia yoyote hutegemea idadi tunayogawia, na mkoani kwetu idadi hiyo inahama haraka. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 2,083,588 katika Mkoa wa Dodoma. Ya 2022 ikahesabu 3,085,625. Mtaa uliojaa wahamiaji ukipangiwa makadirio ya zamani ya wajawazito, utaripoti huduma kuvuka asilimia mia, na kijiji ambacho vijana wake wamehamia mjini kitaonekana kizembe bila kosa lake. Orodha ya kaya iliyohuishwa na wahudumu wa afya ngazi ya jamii ingetusaidia hapo.

Msimu nao una uzito wake. Mvua zetu hunyesha kati ya Desemba na Aprili, makorongo hujaa na baadhi ya vitongoji hukatika kabisa, kwa hiyo robo ya Januari hadi Machi ilinganishwe na robo kama hiyo ya mwaka uliopita, wala si na Julai hadi Septemba barabara zikiwa kavu.

Kuna hatari moja ninayoisisitiza kwa sababu inawaumiza wanyonge. Kipimo kikigeuzwa amri, watu hutafuta njia ya kukitimiza hata kwa kumdhuru mlengwa. Kushirikisha wenza ni jambo jema, lakini pale inapotakiwa idadi yao ipande, mjamzito aliyetelekezwa huambiwa arudi na mume au barua ya mwenyekiti, na wengine hawarudi tena. Pia kijiji kikianza kutoza faini kwa waliojifungulia nyumbani, mama huogopa hata kumleta mtoto kliniki. Kila lengo la aina hiyo liambatane na kipimo cha kumlinda mlengwa, kwa mfano idadi ya wanawake waliohudumiwa siku hiyo hiyo walipokuja peke yao.

Vipimo pia visiwe vingi. Zahanati nyingi za vijijini zina watumishi wachache, na mtumishi huyo huyo anayezalisha ndiye anayejaza rejesta za MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya, usiku. Vitano au sita vinavyojadiliwa kila robo vinatosha.

Ombi langu kwa madiwani ni kwamba, kabla ya kupitisha bajeti, walirudishe kwa wataalamu lengo lolote la afya ya mama na mtoto lisiloonyesha takwimu ya kuanzia, takwimu inayokusudiwa, tarehe na jina la rejesta itakakotoka. Mkutano mkuu wa kijiji hutakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu, na zahanati nayo hufunga taarifa zake za robo kila miezi mitatu. Taarifa hiyo isomwe pale na mganga mfawidhi, kisha ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa zahanati hadi robo inayofuata.

Mjumbe wa kamati ya usimamizi wa zahanati,
Wilaya ya Chamwino, Dodoma