Parabeni na ngozi ya mtoto mchanga

Mhariri,

Mjadala kuhusu parabeni, vihifadhi vya viwandani vinavyozuia ukungu na bakteria kwenye vipodozi, umetawaliwa na hofu ya saratani ambayo haijathibitishwa. Kwangu mimi, hoja nzito ni watoto. Mwaka 2014 Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku parabeni 5, ukazuia pia propiliparabeni na butiliparabeni kwenye mafuta ya kupaka sehemu za nepi kwa watoto wa chini ya miaka 3. Ngozi hiyo hufunikwa, huchubuka, na kemikali hupenya kwa urahisi.

Naliomba Shirika la Viwango Tanzania (TBS) likague mafuta ya watoto yaliyopo madukani na kudai tahadhari ziandikwe kwa Kiswahili, kwa herufi zinazosomeka.

Mzazi,
Temeke, Dar es Salaam