Pai ya kuku mmetufundisha kupika, kuitunza je?

Mhariri, ile pai ya kuku ya kwenye ukurasa wenu wa mapishi nimeipika na ni tamu, hilo sibishi. Ila maelezo yenu yameishia pale inapotoka kwenye oveni, kama vile kila nyumba ina watu kumi na mbili. Sisi tuko wawili tu, sasa inayobaki tuifanyeje?

Mi nilikosea hivi, niliifunika na foili ingali ya moto nikaitia kwenye friji. Asubuhi nafunua, foili inachuruzika maji na unga wa juu umelowa kama mkate uliochovywa kwenye chai. Kumbe ni mvuke tu, umekosa pa kutokea. Siku hizi naiacha ipumue kwanza ila haizidi masaa mawili, maana kuku na rojo lenye maziwa si vitu vya kulala mezani, ndo inaingia friji na siku ya tatu au ya nne iwe imeisha. Na kupasha jamani achaneni na maikrowevu, unga unakuwa kama mpira, tumieni oveni, digrii 180, foili juu, dakika za mwisho hiyo foili mnaitoa.

Wa friza ndo wangesaidiwa zaidi. Pai igandishwe kabla ya kuokwa, yaani kuku na mboga vimeshaiva kwenye rojo lakini unga wa juu haujaona moto. Hilo rojo lipoe kabisa kwanza, likiwa na joto siagi iliyomo kwenye unga inayeyuka kabla ya wakati wake na ule ukavu wa kumomonyoka hamtauona. Funga plastiki, halafu foili, andika na tarehe na jina, mi nilishawahi kumwekea mgeni pai ya kuku kumbe ni ya tufaha. Miezi miwili mitatu inakaa vizuri. Kuoka inaingia na barafu yake hivo hivo, unaitoboa juu na kuongeza kama nusu saa, ila isiwe kwenye bakuli la glasi! Langu lilipasuka ndani ya oveni, jioni nzima nikawa naokota njegere na vigae.

Kwa hiyo mkileta pai nyingine ongezeni hata mistari miwili ya kuitunza. Na ile chumvi vijiko viwili mliyoandika kwenye mapishi muiangalie upya, supu inayotiwa humo yenyewe tayari ina chumvi.

Msomaji wenu, mpishi wa watu wawili