Kilo ya Ngapi, Shangazi?

Shikamoo shangazi,

Najua barua hii utasomewa na binti yako, maana miwani yako bado iko kwa fundi. Najua pia atarukaruka mistari ili acheke peke yake. Mwambie asome yote. Naiandika hadharani kwa sababu nilikuaibisha mbele ya watu, na haifai nije kukuomba radhi kichochoroni.

Jumapili ya nne hii hujatokea kwenye benchi letu. Uyole baridi imekaza, jiko la mkaa tunaliweka katikati, chai ya tangawizi inazunguka, ubishi ni uleule. Mwalimu mstaafu yupo. Fundi cherehani yupo. Kijana wa bajaji bado anatuuliza tunajuaje kwamba tumeshaamka. Hakuna hata mmoja wetu aliyekaa darasani kusomea falsafa. Tunasikiliza vipindi kwenye simu wiki nzima, halafu Jumapili tunabishana. Na wewe ulikuwa msikilizaji wetu. Miezi mitano ulikaa kwenye kigoda karibu na mlango, ungo mapajani, ukichambua mchele. Ukiulizwa unaonaje, jibu lako lilikuwa moja: "Mimi la saba, endeleeni."

Halafu siku ile ukauliza.

Nayakumbuka maneno yako kwa sababu nimeyarudia kichwani kila siku tangu hapo. "Nikitia kilo moja ya mchele wa Mbarali kwenye gunia la Kyela, bado nauza Kyela? Nikitia mbili? Kumi? Ninyi mnaojua kusema, niambieni ni kilo ya ngapi ndipo naanza kuwa mwizi."

Nami nikakujibu, kwa sauti ya mtu aliyesikiliza kipindi juzi tu: "Aa, hilo ni la Wagriki, shangazi. Linaitwa soritesi. Walishalimaliza zamani." Watu wakatikisa vichwa. Wewe ukafunika ungo, ukajifunga kanga, ukasema unawahi daladala.

Shangazi, nilidanganya. Kwamba ni la Wagriki ni kweli: anatajwa mwanafalsafa Eubulides wa Miletus, mji uliokuwa pwani ya Uturuki ya leo, karne ya 4 kabla ya Kristo. Soros kwao ni lundo. Alianza na punje moja ya nafaka: hilo si lundo. Ongeza punje moja, bado si lundo. Kama punje moja haiwezi kugeuza kisicho lundo kiwe lundo, basi hata ukiongeza punje mpaka zifike darini hutapata lundo kamwe. Na lundo lipo, tunaliona pale sokoni Mwanjelwa kila siku. Lakini kwamba walilimaliza? Hawajalimaliza mpaka leo. Nililipatia swali lako jina, nikadhani nimelijibu.

Na kama ningekuwa na akili siku ile ningekumbuka kwamba hata kwetu liko, mdomoni mwa kila bibi. Haba na haba hujaza kibaba. Bandu bandu huisha gogo. Mojawapo inapanda, nyingine inashuka, na zote mbili zinapita palepale pagumu bila kusimama. Ni haba ipi iliyokijaza? Ni bandu la ngapi lililoacha kijiti pale palipokuwa na gogo? Ila wahenga walichagua chombo chao kwa werevu, maana kibaba kina ukingo. Mchele ukifika ukingoni umejaa, hakuna ubishi, na vibaba vinne ni pishi. Lundo halina ukingo. Wala jina "mchele wa Kyela" halina ukingo, na hapo ndipo uliponishika.

Nimetafuta tangu siku ile. Yupo mwanafalsafa wa Uingereza, Timothy Williamson, anayesema mpaka upo, mkali kabisa, punje moja hasa. Sisi ndio hatuna uwezo wa kuujua. Mwalimu mstaafu alilipenda hilo, mimi linanikera. Ni kama kuambiwa ipo kilo ambayo ukiitia tu Kyela inakufa guniani, na hakuna pua duniani itakayoisikia harufu ikiondoka. Wapo wengine wanaosema kweli yenyewe ina viwango: gunia linaweza kuwa Kyela kwa sehemu tisa kati ya kumi. Hesabu za namna hiyo ziliandikwa mwaka 1965 na Lotfi Zadeh, mhandisi mzaliwa wa Baku aliyefundisha California. Utacheka: Wajapani walizichukua wakazitia kwenye majiko ya umeme ya kupikia wali, ili jiko lijue wali "unakaribia kuiva" badala ya kujua umeiva au haujaiva tu. Jambo ambalo wewe unalijua kwa kufunua sufuria.

Kisha kuna serikali, isiyosubiri wanafalsafa. Unawajua watu wa vipimo wanaopinga lumbesa, yale magunia ya kushindiliwa kupita kiasi: gunia lisizidi kilo 100. Mtu wa kilo 101 ana kosa, wa 100 hana. Kuna nini kati yao? Kilo moja ya viazi. Lakini mkulima aliyekuwa akishindiliwa gunia mpaka lifungwe kilemba anajua kwa nini mstari ule ulichorwa. Mstari wa kuchorwa na watu nao ni mstari, hata kama viazi vyenyewe havina habari nao.

Babu alikuwa akilitaja neno ukwangala. Unalijua kuliko mimi. Wanyakyusa walikuwa na vijiji vya rika, vijana wanatoka kwa baba zao wanajenga pamoja, na ukwangala, yaani kule kula, kunywa na kuongea kama watu walio sawa, ndio waliouhesabu kuwa shule. Nimekuwa nikijivuna kwamba benchi letu ndilo ukwangala la leo. Sasa najiuliza: duara lile lilikuwa la wanaume wa rika moja. Na letu je? Mwanamke pekee aliyekuwepo alikaa mlangoni na ungo, na siku alipoingia katikati nikamrudisha mlangoni.

Pale Nairobi alikuwepo profesa, Henry Odera Oruka, aliyefariki 1995. Alikwenda vijijini kuhoji wazee, wengi wao hawakuwa na shule ya maana, akawatenga mafungu mawili: wanaoijua hekima ya kwao na kuirudia vizuri, na wanaoijua halafu wanaiuliza maswali. Hao wa pili ndio aliowaita wanafalsafa. Mimi, kwa kipimo chake, nilirudia nilichosikia kwenye simu. Anayechambua mchele ndiye aliyeuliza.

Sasa jibu langu, maana ulistahili jibu. Nadhani uliuliza maswali mawili kwenye gunia moja. La kwanza, Kyela inaishia wapi, huenda halina mpaka. La pili, wizi unaanzia wapi, nililiona jepesi: kilo ya kwanza kabisa, kama unamwambia mteja mchele haujachanganywa. Wizi uko kwenye ulimi, wala si kwenye mizani. Nikaridhika sana, nikawa nimeshaanza kuandika barua hii.

Jumatano nikapeleka mpunga wa mama kukoboa. Nikamwuliza kijana wa mashine kama huwa anafagia mchele wa mteja aliyetangulia kabla ya kumwaga mwingine. Akanitazama, akacheka mpaka akaegemea gunia.

Kwa hiyo hakuna gunia linalotoka mashineni likiwa safi kabisa, na kila anayesema "Kyela tupu" ameshasema uongo wa konzi moja. Ulilijua hilo siku ile, sivyo? Ndiyo maana ulianza kuhesabu na kilo.

Jumapili tunaanza saa tisa. Kigoda nimekisogeza kwenye jiko.