Shoga, kabla hujaenda Mwanza tuyamalize haya ya maua

Mama Salma shoga yangu,

Asalam aleikum. Habari za Tanga, shemeji hajambo, na bi mkubwa miguu inaendeleaje? Sisi huku Upanga wazima tunamshukuru Mungu, ni joto tu hili la Januari na kaskazi inavuma mchana kutwa, nguo ukianika saa 4 saa 5 unaanua, na ndo hivo hivo udongo kwenye vyungu, asubuhi umemwagilia jioni ukigusa ni vumbi.

Voisi noti yako nimeisikiliza mara mbili. Mungu amfungue Salma salama, na wewe ukamlee mwanao siku zake 40 bila wasiwasi. Umesema kinachokukosesha usingizi ni maua yako, shemeji anatoka alfajiri kwenda bandarini anarudi usiku, nani atamwagilia. Nimeona nikuandikie badala ya kuongea maana kuna vipimo humu utahitaji kurudia kuvisoma.

Kwanza nikwambie kwa nini hili jambo limenikaa moyoni. Unaukumbuka mwasumini wa bibi kule Pangani, ule wa mlangoni tukienda likizo tunachuma tunatengeneza vikuba? Bibi alipofariki nyumba ikauzwa, waliohamia wakaukata wakajenga fremu za biashara. Mimi kijiti nilikuwa nimeshachukua mwaka mmoja kabla, nikakiotesha kwenye ndoo ya rangi ya lita 20, kwa hiyo ule ulioko hapa barazani kwangu ndo mtoto pekee aliyebaki wa mti ule. Sasa mwaka jana mjomba alipougua nikaenda kukaa siku 10, kurudi nyanya zote zimekauka zimesimama kama vijiti vya mshikaki, pilipili hivo hivo, mwasumini umedondosha majani yote umebaki mifupa. Ulichipua tena alhamdulillah, lakini siku ile nilikaa chini pale kwenye vigae nikalia, nikasema hili halijirudii.

Nikaanza na ninachokijua. Miaka yote hii niko wodini nahesabu matone, seti ya dripu ya kawaida matone 20 ni mililita 1, imeandikwa kwenye pakiti yenyewe, kwa hiyo ukiweka matone 10 kwa dakika unapata mililita 30 kwa saa, siku nzima ni mililita 720. Nikanunua seti mpya famasi, nikaning'iniza chupa ya maji ya lita moja na nusu juu ya kila chungu. Siku ya kwanza nilifurahi sana. Siku ya pili chupa ikajikunja mbavu ikaacha kutoa, kumbe hewa haina pa kuingilia, lazima utoboe tundu dogo upande wa juu. Nikatoboa, ikaenda, lakini kile kigurudumu cha kubania mpira kinaachia chenyewe mpira ukipata joto la mchana, unaacha matone 10 unarudi unakuta 30 na chupa tupu. Kwa vyungu viwili na safari ya siku mbili inafaa. Kwa vyungu 14 ni kazi bure.

Ndo nikaenda Kariakoo kwenye maduka ya pembejeo, nikachukua paipu nyeusi ya milimita 16 mita 6, mipira myembamba ya kupeleka maji kwenye kila chungu, dripa zile za kutoa maji tone tone, chujio, na taima ya betri ya kufungua na kufunga maji yenyewe. Jaba la lita 100 nilikuwa nalo. Fundi wa kuchomelea akanitengenezea stendi ya chuma yenye urefu wa mita 1, akatoboa jaba karibu na chini akafunga koki na tredi tepu. Stendi nilimwambia asifanye mchezo nayo maana lita 1 ni kilo 1, jaba likijaa ni kilo 100 na zaidi zimesimama pale wanangu wanapochezea.

Tukafungulia, taima ikalia tik, maji hayatoki. Tukafungua paipu, tukasafisha chujio, tukabadilisha betri, hayatoki. Siku tatu nahangaika nikidhani nimeuziwa mbovu, mpaka nikasoma boksi taratibu. Shoga hapa nisikilize vizuri maana hapa ndo hela zinapotea: taima ziko aina mbili. Kuna ile ambayo ndani ina kiwambo kinachosukumwa na presha ya maji, hiyo ni ya kufunga kwenye bomba lenye nguvu, ukiiweka kwenye ndoo au jaba haifunguki kabisa kwa sababu maji ya kushuka yenyewe hayana presha ya kuinua kile kiwambo. Na kuna ile ambayo ndani ina mota ndogo inazungusha goroli yenye tundu, kama koki ya kawaida inavyozungushwa kwa mkono, hiyo inafanya kazi hata maji yakiwa yanashuka tu. Kwenye boksi tafuta palipoandikwa presha kuanzia 0. Kama imeandikwa kuanzia 0.5 au 1, irudishe rafuni.

Na presha yenyewe ni urefu tu, hakuna kingine. Kila mita 1 ya kimo inakupa baa 0.1, baa ndo kipimo cha presha, wakati dripa zenyewe zile namba zake zimepimwa kwenye baa 1, yani kama tenki lingekuwa mita 10 juu. Dripa iliyoandikwa lita 4 kwa saa, kwangu ilitoa lita 1 na kitu. Sio mbovu, ndo hali yake. Kwa hiyo usiamini kilichoandikwa, chukua chupa weka chini ya kila dripa, washa saa nzima, pima kilichoingia, andika kwenye karatasi. Mimi nilipima zote 14 na hakuna mbili zilizolingana sawasawa.

Sasa nikwambie la mwasumini, maana ndo lililonifundisha kuliko yote. Taima mpya ikafanya kazi, nikaipanga iwashe mara 6 kwa siku dakika chache chache, nikijua maji kidogo kidogo ndo bora. Wiki ya pili mwasumini ukaanza kuwa njano majani ya chini. Nikasema una kiu, joto hili, nikauongezea dakika. Ukazidi. Nikaongeza tena. Siku moja naokota maua yaliyodondoka nikasikia harufu, kama ya maji ya mtaro, inatoka kwenye ndoo yake. Nikaingiza kidole, udongo ni tope. Nikaulaza ndoo ubavuni nikautoa wote na donge lake, mizizi ya chini myeusi, ukiivuta gamba linabaki mkononi na katikati kunabaki kauzi. Yani nilikuwa nauzamisha kwa mikono yangu mwenyewe.

Niliukata mizizi yote iliyooza kwa mkasi, nikapunguza na matawi, nikaupanda upya kwenye udongo mkavu wenye mchanga mwingi, ndoo nikaitoboa matundu mengine 8 chini, nikauweka kivulini. Wiki 5 ulikaa kimya, hakuna jani. Kila nikitoka shifti ya usiku napita pale kwanza kabla ya kuvua viatu. Kisha nikaona kijicho cha kijani kwenye fundo la pili kutoka juu, kidogo kama punje ya uwele.

Nilikaa nikatafuta sababu kwa nini yeye tu na sio wengine. Nikakaa pale na kikombe nikaangalia taima inavyofunga. Kumbe ikifunga, maji yaliyobaki ndani ya paipu hayakai, yanateremka yote kwenye dripa iliyo chini kuliko zote, na sakafu ya baraza langu ina mwinamo kuelekea kwenye tundu la maji, na mwasumini ulikuwa pale pale. Paipu ya milimita 16 mita 6 inabeba karibu lita 1. Mara 6 kwa siku! Ule mti ulikuwa unapata lita 5 za ziada ambazo mimi sizihesabu popote. Jirani wa chini alishanilalamikia dari lake lina alama na mimi nikamjibu sio mimi, ikabidi nishuke nikamwombe radhi.

Kwa hiyo fanya hivi. Vyungu vyote viwe usawa mmoja, na kama haiwezekani basi pale chini kabisa weka mnanaa au magimbi, vitu vinavyopenda maji. Shubiri na mwasumini weka juu. Washa mara 1 kwa siku, alfajiri saa 11, sio mara nyingi, kwa kuwa kila ukifunga ndo yale ya kwenye paipu yanateremka, na mchana paipu nyeusi ikikaa juani maji ya ndani yanachemka utaunguza mizizi.

Wewe una bahati, tenki lako liko juu ya mnara, mita 3 kama nakumbuka, hiyo ni presha mara tatu ya kwangu na haiyumbi sana maji yakipungua. Kwangu jaba likikaribia kuisha dripa zinapunguza karibu robo. Toa laini yako pembeni na koki yake, usiunge kwenye laini ya bafuni. Chujio ni lazima, na liwe la wavu mwembamba, maana maji yakikatika siku mbili yakirudi yanakuja na matope, na tope kidogo tu dripa inaziba kimya kimya, unakuja kugundua mmea umeshakufa. Kama unachanganya na maji ya kisima cha chumvi ndo zaidi, utaona ukoko mweupe kwenye mdomo wa dripa, ziloweke kwenye siki usiku mmoja zinarudi.

Kiasi cha maji usikisie. Wiki moja kabla ya safari mwagilia kwa kikombe chenye vipimo, polepole, mpaka maji yaanze kutokea chini ya chungu, andika imekunywa kiasi gani. Kwangu ndoo kubwa ni lita 1 kwa siku kwenye joto hili, za kati nusu lita, vidogo mililita 200, jumla karibu lita 8, ndo maana jaba la lita 100 linanipeleka siku 12 na sio zaidi. Wewe una vyungu vingi zaidi, tukisema lita 12, siku 40 ni lita 480, kwa hiyo mwambie shemeji asiache tenki likauke. Kazi yake iwe hiyo tu, na Ijumaa akiwa nyumbani afungue chujio alisuuze na aingize kidole kwenye vyungu vitatu vinne mpaka fundo la pili. Pakiwa tope apunguze dakika, pakiwa vumbi aongeze. Jani la njano peke yake asilifuate, kiu na kuzama vyote vinaanza na njano.

Juu ya udongo tandaza makumbi ya nazi, huko Tanga hukosi, yanazuia jua kula unyevu. Na tafadhali sahani za chini ya vyungu ziondoe zote kabla hujaondoka, na tenki lifunikwe lisibakishe hata kiupenyo. Mbu wa dengue anataga kwenye maji masafi yaliyotulia ndani ya vyombo vya nyumbani kama hivyo, mimi 2014 na 2019 nilikuwa kazini hapa Dar, nimewaona waliolazwa, sitaki kusikia shemeji kaugua kwa sahani ya maua.

Vifaa usinunue huko kwanza. Nitakununulia mimi taima ile ile ya goroli na dripa, nitakutumia kwa basi la Jumamosi, pamoja na kitu kingine: nilipokata matawi ya mwasumini sikuyatupa, nilichomeka sita kwenye mchanga, matatu yameshika. Mmoja ni wako. Nimeufunga na gunia bichi, ukifika uweke kivulini wiki mbili na huo umwagilie kwa mkono, usiufunge kwenye dripa mpaka utoe majani mapya, kwa hiyo kama ungependa uanze nao kabla hujasafiri nijulishe mapema, vinginevyo nitakutunzia mpaka urudi.

Nihesabie vyungu vyote, vikubwa vingapi vidogo vingapi, na unipimie kwa futi kamba kutoka chini ya tenki mpaka usawa wa chungu, sio mpaka sakafuni. Nitumie usiku wa leo nikitoka shifti nipite Kariakoo kesho.

Msalimie sana Salma, mwambie shangazi yake anamwombea.

Wako,
Mama Nassoro