Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2025: Nyonga Isisubiri

Ndugu wanachama, wazazi wenzangu, na vijana wetu wenye sikoseli,

Mambo ya ofisi nayapitia haraka, maana mweka hazina atawasomea hesabu mwenyewe. Tumekutana kila robo mwaka kama katiba yetu inavyotaka. Michango iliingia kwa kusuasua, hasa Januari shule zilipofunguliwa, lakini hakuna mtoto aliyekosa kliniki kwa ajili ya nauli. Kwa hilo nawashukuru sana.

Swali nililoulizwa kuliko yote mwaka huu, kwenye simu na hata msibani, ni hili: "Mama mwenyekiti, hizo seli wanazosema zinaotesha gegedu na mfupa, ni za kweli?" Gegedu ni lile tabaka laini linalofunika ncha za mifupa ndani ya kiungo. Nimeona nilijibu hapa, mbele ya wote.

Mliokuwepo mkutano wa Juni mnakumbuka lile beseni. Mwenzetu mwenye bucha alituletea goti la ng'ombe, na mtaalamu wetu wa mazoezi ya viungo akalipasua mezani. Gegedu lilikuwa jeupe, linang'aa, ukipitisha kidole kinateleza. Alipolikata, mfupa chini yake ulionekana mwekundu wa uboho, lakini ndani ya gegedu lenyewe hapakuwa na hata uzi mmoja wa mshipa. Shida yote imeanzia hapo. Kidonda cha ngozi hupona kwa sababu damu huleta seli za kukarabati. Gegedu halina damu, na halina neva za kulalamika mapema. Tangu 1743 daktari William Hunter aliandika, kule London, kwamba gegedu likishaharibika halirudi.

Waliojaribu kulirudisha kwa seli ni madaktari wa Göteborg, Sweden, kuanzia 1987. Walichukua kipande kidogo cha gegedu pasipobeba uzito, wakazikuza seli zake maabara, kisha wakazirudisha kwenye shimo la goti na kulifunika kwa utando wa mfupa ulioshonwa. Taarifa yao ya 1994 ilihusu wagonjwa 23. Wenye shimo kwenye ncha ya mfupa wa paja, 14 kati ya 16 walifanya vizuri. Wenye shimo kwenye pia ya goti, ni 2 tu kati ya 7. Mimi nawaheshimu kwa kuandika yote mawili.

Baadaye wakaona seli zikiachwa ndani ya majimaji hazitulii, ndipo kikaja kiunzi: kitambaa cha kolajeni (protini ya nyuzinyuzi ya mwilini) ambacho seli hupandwa juu yake, kikakatwa kwa kipimo cha shimo. Marekani iliidhinisha kimoja, MACI, Desemba 2016. Kolajeni yake inatokana na nguruwe. Nalitaja wazi kwa kuwa wengi wetu tungetaka kumuuliza sheikh kwanza. Madaktari wa Basel, Uswisi, wao wanachukua seli kutoka gegedu la pua, na utafiti wao wa mwaka huu umeonyesha kwamba kipande kilichokomazwa maabara wiki 2 huleta nafuu zaidi kuliko cha siku 2.

Kwa hiyo ndiyo, ni kweli. Lakini tiba hizi ni za shimo lenye mipaka kwenye goti ambalo kwingine ni zima. Kwa goti la bibi lililolika lote, hazikutengenezwa kwa ajili hiyo. Mtu akikwambia sindano moja ya "seli shina" itakuoteshea gegedu jipya goti zima, usimpe hela yako.

Sasa nije kwetu, kwa watoto wa sikoseli. Kwao kinachotangulia kufa ni mfupa. Seli nyekundu za damu zilizopinda huziba mishipa myembamba ya kichwa cha mfupa wa paja, pale nyongani, mfupa unakosa damu, unakufa kimyakimya, halafu unabonyea. Gegedu lililokuwa zima juu yake linazama nalo, kama sakafu iliyoliwa na mchwa kwa chini.

Profesa Philippe Hernigou wa Créteil, Ufaransa, alikuwa akitoboa tundu jembamba hadi kwenye sehemu iliyokufa na kuingiza uboho wa mgonjwa mwenyewe, uliochujwa ili seli zake ziwe nyingi. Mwaka 2002 alieleza nyonga 189, baadhi zikiwa za wagonjwa wa sikoseli. Kati ya 145 zilizotibiwa kabla ya kubonyea, 9 tu ndizo zilizoishia kubadilishwa kwa nyonga bandia. Kati ya 44 zilizotibiwa baada ya kubonyea, 25 zilibadilishwa. Hakuwa na kundi la kulinganisha, na utafiti wa Marekani wa 2006 kwa wenye sikoseli uliona kwamba kutoboa mfupa bila seli, pamoja na mazoezi, hakukushinda mazoezi peke yake. Hata hivyo, zile namba mbili za Créteil sizitoi kichwani.

Mwanangu alilalamika nyonga miezi saba. Hospitali tuliyokuwa tukienda, kila mara tuliambiwa ni maumivu yake ya kawaida, apewe dawa, anywe maji. Picha ya X-ray ilisomwa kuwa safi. Siku moja asubuhi alishindwa kuvaa soksi ya mguu wa kushoto. Alikaa ukingoni mwa kitanda ameishika mkononi, ananitazama. Alikuwa na miaka kumi na sita. Kipimo cha MRI, picha ya sumaku inayoona ndani ya mfupa, kilipofanyika, kichwa cha mfupa kilikuwa kimeshabonyea. Hakuna seli wala kiunzi ambacho kingemsaidia siku ile, na ningetoa chochote nirudishiwe ile miezi saba.

Ndiyo maana kamati imeamua hivi. Kijana wetu yeyote atakayeumwa nyonga au kinena zaidi ya wiki mbili, mzazi anijulishe mimi au katibu, na mmoja wetu atamsindikiza kliniki kuomba MRI, kwa sababu X-ray inaweza kuonekana safi wakati mfupa ndani umeshaanza kufa. Theluthi moja ya mfuko wa mwaka ujao itengwe kwa kipimo hicho. Mtalipigia kura leo. Mazoezi ya nyonga yataendelea kila Jumamosi saa tatu asubuhi, na walio kwenye magongo waje pia.

Karatasi za kura ziko kwa katibu, hapo mlangoni.

Mwenyekiti wenu